Padri Mweupe ndani ya mbili kwa mbili

Uso wa kwanza niliouchonga hadi ukapata macho mawili yanayolingana nilimpelekea shangazi, maana ni yeye niliyekuwa namchonga. Nilimkuta barazani anamenya karanga. Akajifuta mikono kwenye kanga, akapokea kile kijiti, akakisogeza mbali na macho kama anavyosoma ujumbe wa simu, halafu akacheka mpaka ungo ukataka kumwagika.

"Mwanangu, huyu si mimi. Huyu ni Padri Mweupe."

Kwa asiyetoka Tabora nieleze kidogo. Mapadri Weupe ni wale wamisionari wa Kikatoliki wa kanzu nyeupe na ndevu ndefu, walioanza kuingia Unyanyembe, huku kwetu Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1870, kabla ya Mjerumani hajajenga boma. Shangazi amekua akiwaona misheni. Anawajua sura. Nikakichukua kijiti changu nikakitazama vizuri, na kweli: pua kama ukingo wa panga, mashavu yamekimbilia nyuma, midomo ni mkwaruzo mmoja tu. Kilichokosekana ni ndevu.

Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimekaa na kile kipande wiki mbili, na kwa wiki hizo mbili nilikuwa namtazama mama wa watu kila jioni, tunakula sahani moja.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Sijatoka katika ukoo wa wachongaji, na shuleni nilikuwa nachora vibaya. Jambo lenyewe lilianza likizo ya Juni 2022, tulipoweka dari sebuleni. Mafundi walipomaliza waliacha uani rundo la vipande vya mbili kwa mbili, yaani mbao za inchi mbili kila upande, vifupi vya kuchomea chai. Jioni moja nilikaa kusubiri maharage yaive, nikaokota kimoja, nikaanza kukiparua kwa kisu cha kachumbari. Mbao za paini zina harufu yake, ule utomvu, na maganda yake yanajiviringisha vizuri ukipatia. Maharage yaliungua. Kesho yake nikaenda kwenye banda la seremala nyuma ya mtaa wetu kuomba anionyeshe namna ya kushika patasi.

Fundi yule ni mzee wa vitanda na milango. Maisha yake yote ni mninga na mkurungu, mbao ngumu za misitu ya huku kwetu. Paini kwake ni mbao ya dari na ya jeneza la haraka. Aliniangalia, akaangalia kipande changu, akasema, "Mwalimu, ukikaa hapa utafagia." Tukaelewana hivyo. Kila siku nikitoka kazini nafagia banda, halafu napewa pembe ya meza.

Vifaa sitavisemea sana. Kisu kidogo kimoja, patasi mbili (moja bapa, moja ya mviringo kama kijiko), kinoo, na mkanda wa zamani wa suruali wa kusugulia makali. Basi. Nimeona watu wanaanza kwa kununua seti nzima halafu seti inakaa kabatini. Ila kisu kilinipa somo la kwanza. Nilikata kipande cha msumeno wa chuma, nikaenda kukitia makali kwa mchomeleaji kwenye grenda, nikakibana pale cheche zinaruka, najiona fundi kweli. Ncha ikageuka buluu. Nikaona imependeza. Mzee alipoiona akanirudishia bila hata kuijaribu: "Hiki umekipika." Chuma cha makali kikipata joto hadi kikawa buluu ugumu wake umeondoka. Utakinoa asubuhi na adhuhuri kimelala tena. Cha pili nilikisaga taratibu, nikihesabu hadi tatu kisha nachovya majini, hesabu tatu, majini. Ndicho ninachotumia mpaka leo.

Watu husikia "mbao laini" wakadhani ni kama kukata sabuni. Hata mimi nilidhani hivyo. Jina lenyewe linadanganya, kwa sababu linafuata ukoo wa mti na halijali ugumu wake: misonobari na ndugu zake huitwa hivyo hata pale inapokushinda. Na paini hii tunayouziwa, ambayo sehemu kubwa inatoka kwenye misitu ya kupandwa kama ile ya Sao Hill kule Mufindi, ni mbao mbili ndani ya moja. Tazama kichwa cha kipande utaona mistari. Ule mweupe mpana umeota mti ulipokuwa na maji mengi. Ni laini, unabonyea kwa ukucha. Ule mwembamba wa kahawia umeota polepole, nao ni mgumu. Kisu kinapita kwenye mweupe kama kwenye muhogo wa kuchemsha, kinafika kwenye kahawia kinagoma, unasukuma kwa nguvu, kinaachia ghafla, na hapo unaondoka na jicho zima la mtu uliyekuwa unamchonga. Au na kidole chako.

Mimi niliondoka na vyote viwili, siku tofauti. Kidole gumba cha kushoto, nyuzi tatu, na wiki nzima naandika ubaoni nimeinua gumba kama mtu anayewasifu wanafunzi. Mzee hakunipa pole nyingi. Alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli akaniviringishia vizuri kwenye gumba la pili, akasema hiyo ndiyo ngozi yangu mpya. Kisu kikiteleza kinashikwa na mpira. Lakini dawa yenyewe ilikuwa makali. Kisu butu kinataka nguvu, na nguvu ndiyo inayokata watu. Siku hizi kabla sijaanza nakijaribu kwenye kichwa cha mbao, nakata kukatiza nyuzi. Ule mstari mweupe ukikatika ukang'aa, kisu kiko sawa. Ukimong'onyoka kama mkate wa jana, narudi kwenye kinoo, hata kama mkono unawasha kwa hamu.

Jambo jingine nililokatazwa mapema, na ningependa kila anayeanza alisikie: paini yenye rangi ya kijani usiichonge. Ile imetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na dawa nyingi za namna hiyo zina shaba na arseniki. Paani, sawa. Lakini kukaa nayo mapajani unavuta vumbi lake, huku unakula karanga kwa mkono huohuo, hapana.

Sasa turudi kwa Padri.

Nilikuwa nimejifunza kwa kutazama video kwenye simu, usiku, bando likiruhusu. Karibu zote zinafundisha njia moja, na ni njia nzuri: usichonge uso kwenye upande bapa wa mbao, chonga kwenye kona. Kona ya mbili kwa mbili ndiyo inakuwa pua. Sababu yake mwalimu wa hisabati anaielewa bila kuambiwa. Upande ni kama sentimita 5, lakini ulalo kutoka kona hadi kona unakaribia 7. Umepata sentimita mbili za kina bure. Unakata mfereji mmoja chini ya pua, mwingine pale kati ya macho, na tayari kuna mtu anakutazama. Mara ya kwanza ilinishtua, kwa kweli. Mikato miwili tu, na kijiti cha dari kinakuwa na sura.

Nilichokosa kukiona ni kwamba ile kona inakuja na sura yake tayari. Pembe ya nyuzi 90, ncha yake ikiwa pua, maana yake kila shavu linakimbia kwenda nyuma kwa nyuzi 45. Ni uso wa shoka. Wale waliokuwa wananifundisha wanachonga wazee wa kwao, wavuvi wenye pua ndefu, wachawi wa hadithi zao, na kona inawafaa. Wanasema "hapa ndipo pua inapokaa" na kweli pua ya babu yao inakaa pale. Ya shangazi yangu haikai pale. Nilikuwa nimechonga nyuso kumi na moja, nikazipanga dirishani, na zote kumi na moja zilikuwa za ukoo mmoja wa Ulaya. Mpwa wangu alikuwa ameshawapa majina ya wachezaji wa mpira.

Nilimweleza mzee, nikitegemea atanipa mbinu ya patasi. Akaniuliza, "Wewe umempima?"

Nikasema namwona kila siku.

"Mlango wa nyumba yako unauona kila siku. Una upana gani?"

Sikuwa na jibu. Jumamosi ile nilichukua bikari kwenye mkebe wa hisabati, ncha nikaifunika kwa plasta, nikamwomba shangazi akae kwenye mwanga. Alikubali kwa masharti ya soda. Kona ya ndani ya jicho hadi kona ya ndani ya jicho la pili: sentimita 3.4. Upana wa pua pale chini: 4.3. Video zilikuwa zimeniambia vipimo hivyo viwili ni sawa, na mimi niliviweka sawa mara kumi na moja bila kumwangalia mtu hata mmoja. Kisha nikaweka rula ubavuni mwa uso wake, kutoka ncha ya pua hadi kidevuni. Kwenye ile michoro ya mafunzo midomo inabaki nyuma ya rula, haigusi. Ya shangazi iliisukuma rula ikainuka. Akasema kwa tabu, midomo imebanwa, "Umemaliza kunijengea dari?"

Na macho. Paji la uso lilinishangaza kuliko yote. Ukipima kutoka utosini hadi kidevuni, macho yako katikati, au karibu sana na hapo. Hili ni kwa watu wote, Mnyamwezi kwa Mzungu. Lakini mwambie mtu yeyote achore uso, atayapandisha macho juu, kwa sababu mambo yote tunayoyajali yako chini ya nyusi, na paji la uso tunaliona kama uwanja mtupu. Nilijaribu kwa wanafunzi wangu wa kidato cha pili, darasa zima, na karibu wote waliyaweka juu. Kinachofuata ni somo la uwiano, kwa hiyo nina kisingizio.

Baada ya hapo kazi ilibadilika. Kabla ya kuchonga chochote nilianza kuiranda ile kona. Hesabu yake ni rahisi: kwenye kona ya nyuzi 90, ukiondoa kina cha sentimita 1 unapata uwanja bapa wenye upana wa sentimita 2. Bado ulalo umebaki 6, kina kinatosha. Uwanja huo ndio mbele ya uso. Juu yake pua inaweza kutanuka, mgongo wake ukawa mfupi na wa chini, mabawa yake yakapata mahali pa kukaa. Na mifupa ya mashavu ikabaki mbele, inapokea mwanga, badala ya kukimbilia masikioni.

Mdomo ulinichukua mwezi. Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho sijui nikieleze vipi bila mbao mkononi. Nilikuwa nauchonga mdomo kwa kukata: mstari, halafu mstari, halafu nakwangua chini. Kila ukikwangua, mdomo unazama. Unamaliza umepata mtu aliyepoteza meno. Mzee, ambaye hajawahi kuchonga uso lakini amechonga miguu ya viti vya kutosha, aliangalia akasema tu, "Unatoa kabla hujaacha." Nikakaa na maneno hayo siku mbili. Kisha nikachora kwa penseli umbo la yai lililolala, kuanzia chini ya pua hadi juu ya kidevu, nikaapa kutoligusa. Nikachonga vinginevyo vyote: nikashusha mashavu pembeni yake, nikashusha kidevu, nikazungusha taya. Lile yai likabaki limesimama kama nusu ya embe iliyobandikwa usoni. Linachekesha, ni kweli, na mpwa wangu alicheka. Lakini mdomo wote ulikuwa mle. Ukweli ni kwamba midomo imefunika meno, na meno yamepangwa kama upinde. Kile kilima ndicho kinachofanya uso uonekane una kitu ndani. Mstari wa kati niliukata mwisho kabisa, mkato mmoja unaoshuka kidogo katikati, na mwingine mfupi chini ya mdomo wa chini, ambako kuna kivuli kila mtu anacho. Nikapuliza vumbi. Shangazi alikuwa mle, amenuna.

Nilikimbia nacho kwa mzee kabla hata ya msasa. (Msasa nimeuacha siku hizi. Kwenye paini unakula ule mstari mweupe na kuuacha wa kahawia umevimba, uso unakuwa na mikunjo ambayo Mungu hakuiweka. Kisu kikali kinatosha.)

Mzee aliugeuza mara mbili akasema, "Eeh." Kisha akaniuliza kwa nini lazima afanane na mtu. Lilikuwa swali la kweli. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya kile kiti cha enzi cha Kinyamwezi kilichotoka Buruku, hapa hapa Unyanyembe, ambacho sasa kiko Berlin kwenye makumbusho. Mgongoni mwa kiti amechongwa mtu. Yeye aliyechonga hakuwa anatafuta pua ya fulani. Alitaka mtu, na mtu yupo, amekaa na mtawala mgongo kwa mgongo. Vinyago vingine vya zamani vya Kinyamwezi vina miili mirefu myembamba na macho ya shanga zilizopachikwa, na huwezi kuvidhania ni vya kwingine. Mzee alitazama picha kwa muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili, akakagua viungio. Nilidhani atasema neno kuhusu kiti kuwa mbali hivyo. Akasema, "Hii imetoka kwenye gogo moja. Hakuna kiungo." Na kwa seremala hilo ndilo neno.

Nakubaliana naye nusu. Nimejaribu macho ya shanga, yanapendeza, na yanasamehe makosa mengi. Lakini mimi bado nataka kumpata mtu ninayemjua. Kila mtu na ugonjwa wake.

Mwaka jana masika yaliniadhibu. Nilikuwa nimejaza boksi zima kazi za mwaka mmoja, nikaliweka stoo sakafuni. Anayeishi Tabora ameshajua linalofuata. Nililiinua likawa jepesi. Vinyago vilikuwa vimesimama vilevile, kila kimoja na sura yake, na nilipokishika cha kwanza kikavunjika kama ganda la yai. Mchwa walikula ndani yote, wakaacha ngozi. Katikati ya boksi kulikuwa na kipande cha mninga nilichokuwa nimekitumia kama kabari. Hawakukigusa. Mzee alipoona alijitahidi asitabasamu. Akanipa kipande cha mninga kwa siku hiyo nijaribu, nikapiga chafya jioni nzima kwa vumbi lake na nikapata nusu ya paji la uso. Nikarudi kwenye paini. Sasa kazi zangu ziko rafu ya juu, zimepakwa mafuta ya kitani, na nazikagua kila Jumapili.

Yule shangazi aliyenuna aliokoka, kwa sababu alikuwa juu ya televisheni. Nilikuwa nimemwonyesha mwenyewe siku ileile nilipomaliza. Alikipokea, akakisogeza mbali, akakirudisha karibu. Nikasubiri jina la padri.

"Mbona umeniacha bila hereni?"

Akashika ndewe yake, akaivuta, nione tundu lilipo. Nikaona, kweli, lipo chini kuliko nilivyoliweka sikio lenyewe. Nikapasha sindano moto kwenye mkaa, nikatoboa sikio la kulia taratibu, likatoboka safi. La kushoto nilisahau kuangalia nyuzi. Zilikuwa zinakatiza pale, na sikio zima likang'oka, likaanguka kwenye majivu.

Hereni moja ya shanga nyekundu imekaa kulia. Shangazi akipita sebuleni anamgeuza, upande wa kushoto uelekee ukutani. Mimi nikifagia namrudisha.